Nani Aliulizwa? Somo la Kufutwa kwa Mbio za Dakar 2008

Ijumaa ya tarehe 4 Januari 2008, madereva wa magari, malori na pikipiki walikuwa wamekusanyika Lisbon, Ureno, wakingoja kupambazuke waanze safari ya kuvuka jangwa hadi Dakar, Senegal. Vyombo vilikuwa vimekaguliwa na namba zimebandikwa, zaidi ya vyombo 500 kwa jumla. Badala ya kupewa maelekezo ya mwisho, wakapewa tangazo kwamba mbio zimefutwa. Siyo kuahirishwa, siyo kufupishwa. Zilikuwa ziwe mbio za 30 tangu zilipoanza mwishoni mwa 1978, na katika miaka yote hiyo hazikuwahi kufutwa hata mara moja.

Huku kwetu habari ile ilipita bila kusikika. Wiki hiyo Afrika Mashariki nzima ilikuwa inaangalia Kenya, ambako uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007 ulikuwa umegeuka kuwa moto. Na tuseme ukweli, wengi tunaosoma gazeti hili tulikuwa hatujaanza hata darasa la kwanza. Mimi nimekuja kulijua tukio hili nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, TP kama tunavyoita, nilipokuwa natafuta kisa cha kuwafundishia kidato cha pili mada ya stadi za maisha, pale kwenye kufanya maamuzi. Vitabu vimejaa mifano ya kijana anayeshawishiwa kuvuta sigara. Nikataka kitu ambacho jibu lake halijaandikwa tayari.

Sababu nyingine ni kwamba mimi ni mtoto wa Kibondo. Nyumbani kwetu hadi geti la kambi ya Nduta ni nusu saa kwa bodaboda, mvua isiponyesha. Mtu aliyekulia huko anajua namna neno "usalama" linavyoweza kutamkwa na mtu aliye mbali sana, likafunga mlango wa mtu aliye karibu sana.

Sasa turudi Mauritania, maana tatizo lilikuwa huko. Ni nchi kubwa kidogo kuliko Tanzania, lakini wakati ule watu wake walikuwa milioni tatu na kidogo tu, na sehemu kubwa ni jangwa. Mwaka 2007 walikuwa wamechagua rais raia baada ya miaka mingi ya wanajeshi, na walitaka dunia iwaone vizuri. Tarehe 24 Desemba 2007, karibu na mji wa Aleg, familia ya watalii Wafaransa waliokuwa wamesimama kando ya barabara wapate chakula ilishambuliwa kwa risasi. Wanne waliuawa, mmoja akanusurika. Siku chache baadaye wanajeshi wa Mauritania wakauawa kaskazini mwa nchi, na tawi la al-Qaeda la Maghreb likadai ndilo lililofanya. Serikali ya Ufaransa ikawashauri raia wake wasiende huko. Waandaaji wa mbio, kampuni ya Kifaransa ya ASO, ile ile inayoandaa mbio za baiskeli za Tour de France, wakasema kulikuwa na vitisho vilivyoelekezwa moja kwa moja kwa mashindano yao.

Serikali ya Mauritania ilipinga. Ilisema imejipanga kuweka maelfu ya askari njiani na haioni sababu ya kufuta. Haikusaidia kitu.

Hapa ndipo wanafunzi wangu walipotaka kupiga kura haraka haraka, na nikawazuia, kwa sababu kabla ya kumhukumu mwandaaji ni lazima ujue mbio za namna hii zinaendaje. Uwanja wa mpira una kuta na mageti. Ukitaka kuulinda unaweka askari mlangoni, unapekua mifuko, basi. Mbio za jangwani hazina ukuta. Kila siku kuna hatua ya mamia ya kilometa, washiriki wanaondoka mmoja mmoja kwa kupishana dakika, na kufikia jioni wametawanyika kwenye mchanga, wengine wameshafika kambini, wengine wanasukuma. Mpanda pikipiki aliyeharibikiwa anaweza kulala peke yake kwenye tuta la mchanga na tochi yake. Kila usiku panajengwa kambi mpya yenye mahema, mafundi, madaktari na ndege, na asubuhi inang'olewa. (Sisi watu wa Kibondo tukisikia neno kambi tunafikiria miaka. Wenzetu wanafikiria usiku mmoja.) Ratiba ya njia inajulikana mapema, kwa hiyo mtu mwenye nia mbaya hana haja ya kutafuta, anakaa tu anangoja.

Na hatari haikuwa ya kufikirika. Mwaka 1991 dereva wa lori la msaada wa mbio hizo alipigwa risasi akafa nchini Mali. Mwaka 1999 washiriki waliporwa na watu wenye silaha huko huko Mauritania. Kwa hiyo mwandaaji wa 2008 alikuwa na maiti nne za Aleg mbele yake na historia nyuma yake.

Lakini je, njia pekee ilikuwa kufuta? Historia ya mbio zenyewe inasema walishawahi kufanya vingine. Januari 2000, mbio zilipokuwa zinatoka Dakar kwenda Cairo, waandaaji walipata taarifa za tishio ndani ya Niger. Hawakufuta. Walileta ndege kubwa za mizigo aina ya Antonov, wakapakia magari, malori, pikipiki na watu pale Niamey, wakavirusha juu ya eneo la hatari hadi Sabha, kusini mwa Libya, mbio zikaendelea. Mwaka 2004 na 2007 hatua za Mali ziliondolewa, kwingine kukaendelea. Sasa 2008 hesabu ilikataa: kati ya hatua 15, nane zilikuwa Mauritania. Ukizitoa hizo hubaki na mbio, unabaki na matembezi ya Moroko na salamu za Senegal.

Mimi binafsi, ningekuwa kwenye kiti kile, nadhani ningefuta. Nalisema mapema ili mtu asinielewe vibaya. Watu wanne walikuwa wameshauawa na wauaji walikuwa hawajapatikana. Huwezi kumwambia mama wa kijana wa miaka 25 kwamba ulimtuma mwanaye kwenye mchanga ule kwa sababu hoteli zilikuwa zimeshalipiwa. Kinachonisumbua siyo uamuzi wa tarehe 4 Januari. Kinachonisumbua ni tarehe 5 Januari na siku zote zilizofuata.

Twende Atar. Ni mji wa oasisi katika mkoa wa Adrar, na mbio ziliwahi kuufanya kituo cha siku ya mapumziko. Jirani yake kuna Chinguetti, mji wa kale wenye maktaba za miswada ya Kiarabu iliyohifadhiwa na familia, uliowekwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1996. Watu wa huko walikuwa wamejijengea maisha juu ya wageni: waongoza njia, wenye ngamia, wenye nyumba ndogo za kulala wageni, wapishi, mafundi wa Land Cruiser, akina mama wanaouza vitambaa na shanga. Kulikuwa na ndege za kukodi zilizoleta watalii kutoka Ufaransa hadi Atar kwenyewe. Baada ya mauaji na kufutwa kwa mbio, rangi ya Mauritania kwenye ramani za tahadhari za Wazungu ikabadilika, watalii wakakauka, na ndege zile zikasimama kwa miaka. Zilirejea mwishoni mwa 2017. Hesabu mwenyewe: mtoto aliyeanza shule Atar mwaka huo wa 2008, ndege ziliporudi alikuwa kijana wa sekondari.

Mtu atasema waliofukuza watalii ni magaidi, siyo ASO. Sawa kabisa. Aliyepiga risasi ndiye mwenye kosa la kwanza, na sitaki kumpunguzia hata robo. Lakini angalia tofauti. Risasi za Aleg zilisikika Aleg, kisha zikawa habari ya siku mbili tatu magazetini. Tangazo la Lisbon lilisikika kila mahali penye televisheni ya michezo, na lilichosema ni kwamba nchi hii haipitiki. Halikusema haipitiki mwezi huu. Halikusema tutaangalia tena Novemba. Halikusema Mauritania ikifanya hili na hili tutarudi.

Na hawakurudi. Aprili 2008 waandaaji walifanya mbio za kufidia huko Hungaria na Romania. Januari 2009 wakawa Argentina na Chile, wakakaa Amerika Kusini hadi 2019, na kuanzia 2020 wamehamia Saudi Arabia. Walichochukua ni jina. Mpaka leo yanaitwa mashindano ya Dakar, na gari lina kibandiko cha Dakar, na anayeshinda anaitwa bingwa wa Dakar, wakati Dakar yenyewe iko ng'ambo ya bahari, inauza samaki zake. Ni kama mtu ahamie Dodoma na duka lake, halafu aendelee kuliita Duka la Kasulu kwa kuwa jina lina wateja.

Haya, sasa tufike mahali ambapo hoja ya usalama inaanza kuyumba. Mwaka 2006, miaka miwili tu kabla, mbio hizo hizo ziligonga na kuua watoto wawili kwa siku mbili mfululizo, mvulana wa miaka 10 nchini Guinea na wa miaka 12 nchini Senegal. Walikuwa wanavijiji waliotoka kuangalia. Mbio zilifika mwisho kama kawaida, washindi wakamwagiwa shampeni. Usinielewe kwamba ajali na ugaidi ni kitu kimoja, siyo. Nauliza tu neno usalama lina maana ya usalama wa nani, kwa sababu kwa mama wa yule mtoto wa Guinea hatari ilikuwa yale magari.

Halafu ruka hadi tarehe 30 Desemba 2021, Jeddah, Saudi Arabia. Mbio za Dakar za 2022 zilikuwa zinataka kuanza. Gari la timu moja ya Kifaransa lililipuka likiwa linaondoka hotelini, na dereva Philippe Boutron akaumia vibaya miguuni. Mwanzoni mwa Januari waendesha mashtaka wa ugaidi wa Ufaransa walifungua uchunguzi, na waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa wakati huo, Jean-Yves Le Drian, akasema hadharani kwamba pengine ingefaa kuyafuta mashindano. Waandaaji waliongeza ulinzi, mbio zikaendelea hadi mwisho. Miezi mitatu baadaye, Ijumaa ya tarehe 25 Machi 2022, magari ya Formula 1 yakiwa mazoezini Jeddah hiyo hiyo, ghala la mafuta la Aramco lisilo mbali na uwanja lilishambuliwa, moshi mweusi ukaonekana kutoka kwenye njia ya mbio. Madereva walikaa kikao hadi usiku wa manane. Jumapili wakakimbia.

Kwa hiyo vitisho vilitosha kufuta Mauritania, na mlipuko uliovunja miguu ya mshiriki haukutosha kufuta Saudi Arabia. Mtu anaweza kutoa sababu za kitaalamu: Saudi ina dola lenye nguvu, ina ndege na kamera, mlipuko ulikuwa mmoja. Zote nazikubali. Lakini zote ukizikamua zinatoa tone moja, kwamba aliye na fedha anaaminiwa akisema nitakulinda, na asiye nazo haaminiwi. Bahareni walifutiwa mbio zao za Formula 1 mwaka 2011 kwa sababu ya maandamano na damu iliyomwagika, na 2012 mbio zikarudi wakati maandamano hayajaisha. Mwaka mmoja tu. Atar walingoja ndege kwa miaka, na msafara wa Dakar haujawahi kurudi.

Nisiwe mchoyo wa habari njema. Kuna watu waliobaki. Hubert Auriol, ambaye aliwahi kushinda Dakar kwa pikipiki na kwa gari na pia kuyaongoza mashindano hayo, alishiriki kuanzisha Africa Eco Race, mbio ndogo zaidi ambazo zimekuwa zikipita Moroko na Mauritania na kumalizikia Ziwa la Waridi, pale pale pembeni ya Dakar ambapo zile kubwa zilikuwa zinamalizikia. Njia ile ile, jangwa lile lile.

Kama unadhani haya ni ya huko Magharibi tu, kumbuka Safari Rally. Ilianza mwaka 1953 kama sherehe ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, kuanzia tarehe 27 Mei hadi 1 Juni, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika yetu. Sasa weka kalenda mezani. Hali ya hatari ilitangazwa Kenya tarehe 20 Oktoba 1952 kwa sababu ya Mau Mau. Mauaji ya Lari yalitokea Machi 1953. Watu walikuwa wanafungwa, wanahamishwa, wananyongwa. Na miezi miwili baada ya Lari, magari yakakimbia. Serikali ya kikoloni iliyokuwa inamzuia Mkikuyu kutembea bila kipande iliona nchi ni salama vya kutosha kwa dereva wa Volkswagen. Sisemi walikosea kukimbia. Nasema hatari, tofauti na joto, haipimwi kwa kipimajoto. Anayeipima ana macho yake na mambo yake.

Baadaye ikawa kinyume. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Uganda iliangukia kwa Idi Amin. Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda na kuhamia Kenya mwaka 1972 Waasia walipofukuzwa, alishinda Safari mwaka 1973, na tena mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Hadi 1974 mashindano yaliitwa East African Safari, kisha yakabaki Safari Rally tu. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika na mpaka wetu na Kenya ukafungwa. Ramani ilivyokuwa inapungua ndivyo jina lilivyopungua, na angalau hapo nawapa heshima, walikuwa wakweli kuliko hawa wa Dakar. Safari ilipotoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, Kenya ilihangaika hadi ikarudishiwa mwaka 2021, Naivasha. Uganda na Tanzania hazimo.

Narudi nyumbani. Nilipokuwa mdogo, basi la kutoka Kibondo lilikuwa halitembei hivi hivi. Lilingoja mengine, kisha askari mwenye bunduki anapanda, mnaondoka kwa msafara. Eskoti. Majambazi walikuwepo kweli kwenye mapori yale, sitaki mtu aseme nadharau. Tukiwa watoto tuliona ni jambo la kawaida, mtu anauliza nauli, anauliza eskoti inaondoka saa ngapi. Lakini huo ndio mfano wangu wa kwanza wa jibu la tofauti: barabara ya hatari haikufutwa, iliwekewa askari. Ingefutwaje? Walioishi pembeni yake wangehamia Argentina?

Nduta ilifunguliwa tena mwaka 2015 kupokea wakimbizi wa Burundi, na magari ya mashirika yakajaa. Mashirika yakiwa na watu, gesti za Kibondo mjini zinajaa, mama lishe anapika sufuria mbili, vijana wanaosimama na madumu ya asali kando ya barabara wanauza kabla ya saa sita. Mashirika yakipunguza watu, au agizo likitoka kwamba wiki hii msitembee, asali inarudi nyumbani. Mama mmoja anayeuza pale stendi aliniambia likizo iliyopita, "Mwanangu, sisi hatusomi hizo barua zao. Tunajua tu magari hayakupita." Nikafikiria Atar.

Basi kwenye lile darasa la TP, shule ya kata, wanafunzi 70 na zaidi, nikawagawa. Kundi moja waandaaji, jingine serikali ya Mauritania, jingine mwenye nyumba ya wageni Atar, jingine mpanda pikipiki aliyekopa fedha ili ashiriki, jingine wazazi wake. Somo kwa taratibu ni la Kiingereza. Tulianza kwa Kiingereza, dakika kumi watu wamenuna. Mjadala ulipokolea tulikuwa kwenye Kiswahili, na nyuma kabisa nikasikia Kiha. Sikumkataza mtu. Wanaosomea ualimu hapa wanajua kilio chetu cha lugha ya kufundishia, sitakirudia.

Kura ya kwanza ilikuwa ya kufuta, kwa mbali sana. Watoto wa Kibondo hawana ushujaa wa sinema, wanajua bunduki ni nini. Lakini msichana mmoja wa kundi la mwenye nyumba ya wageni akasimama. Akasema, "Mwalimu, sisi tumekubali wasije. Ila tulitaka kujua kama tuliulizwa." Kundi la waandaaji likakaa kimya, kisha mmoja wao akajibu kwamba muda haukutosha. Msichana akamwambia, "Mlipotaka kulala kwetu muda ulitosha." Darasa lilipiga kelele mpaka mwalimu wa jirani akachungulia. Kisha mvulana mmoja, mpole, ambaye nilikuwa sijawahi kusikia sauti yake, akauliza swali ambalo sikuwa nimeliandaa kwenye andalio la somo. "Hao wa mbio wamehamia nchi nyingine. Wale wa Atar walihamia wapi?"

Kura ya pili nikabadilisha. Sikuuliza tena tufute au tusifute. Niliuliza, mkifuta, tangazo lenu litasema nini? Hapo ndipo watoto walinifundisha mimi. Wakaandika kwamba tangazo litaje tarehe ya kukaa tena kuangalia hali. Litaje ni kitu gani hasa kikibadilika mbio zitarudi, kwa mfano wauaji wa Aleg kukamatwa, au askari kuwepo hatua zote nane. Litamkwe Nouakchott pia, mbele ya watu wa huko, siyo Lisbon peke yake. Na kundi moja likaongeza kwamba kama mbio haziwezi kurudi Dakar, ziache jina la Dakar. Nililipa hilo kundi alama ya ziada, kwa upendeleo kabisa.

Sasa nije hapa chuoni, maana najua kuna wanaosoma wakijiuliza hili gazeti la wanafunzi limekuwaje la michezo. Mwaka jana kozi moja iliandaa ziara ya mafunzo kwenda Kibondo, kuona shule zinazozunguka Nduta na jinsi walimu wanavyofundisha watoto waliokatishwa masomo na vita. Watu walitoa michango kutoka kwenye bumu, maombi ya kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani cha kuingia kambini yakaandikwa, fulana zikachapishwa. Siku mbili kabla ya safari likabandikwa tangazo la mistari mitatu: ziara imefutwa kwa sababu za kiusalama. Sababu zipi, haikusemwa. Nani alipigiwa simu Kibondo kuulizwa hali, haikusemwa. Basi likaenda Bagamoyo. Watu wakapiga picha ufukweni wamevaa fulana zimeandikwa Nduta kifuani. Nilicheka, tulicheka wote, Dakar yetu hiyo.

Inawezekana kulikuwa na sababu nzuri. Nimeshasema huko juu kwamba ningefuta mbio za Mauritania, kwa hiyo siwezi kuwa mtu wa kudai kila ziara iende hata risasi zikilia. Ila mwalimu mkuu wa shule mojawapo iliyokuwa inatungoja alikuwa ameshapanga ratiba yake upya kwa ajili yetu, na wanafunzi wake walikuwa wamefanya mazoezi ya ngonjera. Habari ya kufutwa aliipata kutoka kwangu, kwa simu, kwa sababu mimi ni mtoto wa huko na namba yake ninayo. Aliniuliza kama amekosea jambo.

Ziara ya mwaka huu bado haijapangiwa mahali. Wanafunzi tisa tunaotoka Kibondo, Kakonko na Kasulu tumeandika barua. Hatuombi ahadi ya kwenda. Tunaomba kwamba Kibondo iwekwe tena kwenye orodha, kwamba kabla ya uamuzi apigiwe simu mkuu wa shule na ofisi ya wilaya, na kwamba ikifutwa tena, tangazo liseme sababu na liseme lini itaangaliwa upya. Kwa heshima ya kidato cha pili, tumeongeza kipengele cha nne kuhusu fulana.

Barua ilipelekwa wiki ya tatu ya muhula huu. Nakala iko ubaoni nje ya ofisi ya serikali ya wanafunzi, upande wa kushoto, chini ya ratiba ya mechi za vitivo. Nafasi za kusaini bado zipo, na kalamu tumeifunga kwa kamba.